Wafuasi 11,400, lakini mteja ananijia kwa mlango mwingine

Shikamoo Bi Mshauri,

Mimi ni mchoraji wa kujitegemea, mwanamke wa miaka 31. Naishi Mombasa na mamangu pamoja na mdogo wangu anayesoma chuo. Nachora kwa tabuleti: picha za sura za watu, kadi za mwaliko wa harusi, michoro ya vitabu vya watoto, na printi za mtindo wangu mwenyewe, yaani rangi tupu kama za kanga, pindo na mji, majahazi na milango ya Lamu.

Niko kwenye mitandao sita: Instagram, Facebook, TikTok, Pinterest, X na Behance, ule wa wabunifu kuonyeshea kazi zao. Nina pia akaunti kwenye tovuti moja ya vibarua vya kimataifa. WhatsApp siihesabu, hiyo ni simu tu. Mmoja kati ya ile sita ndio mkubwa kwangu, una wafuasi 11,400. Sitautaja jina, maana nina ugomvi nao na sitaki barua hii iwe ya ugomvi.

Mwezi uliopita nilikaa chini nikapiga hesabu ya Januari hadi Septemba. Nilipata kazi 23. Picha za sura 14 kwa shilingi 3,500 kila moja. Kadi za harusi sita kwa 6,000. Vitabu viwili vya watoto vilivyoniletea jumla ya 110,000. Na seti moja ya michoro kwa mteja wa Muscat, 28,000. Juu ya hapo niliuza printi 37 kwa 800 kwenye maonyesho na kwa majirani. Jumla 252,600. Picha ya sura hunichukua saa 6, kadi saa 8, vitabu vyote viwili vilichukua kama saa 160, na seti ya Muscat saa 20.

Halafu nikaangalia kazi hizo ziliingia kwa njia gani. Kumi na sita zilikuja kwa WhatsApp, ile ya Muscat ikiwemo. Sijui yule bwana alipataje nambari yangu. Alilipa kwa kumtuma shemeji yake aliye hapa Mombasa aniletee pesa mkononi. Vitabu viwili vilikuja kwa barua pepe, picha mbili za sura kwa ile tovuti ya vibarua, na kazi tatu tu kwa ujumbe wa ule mtandao mkubwa. Tatu, Bi Mshauri, kwa miezi tisa.

Sasa nikueleze ninavyoulisha. Naibana simu kwa vibanio vya nguo kwenye rafu, inaangalia tabuleti kwa juu, nawasha taa ya mezani upande wa kushoto ili kivuli cha mkono kisianguke kwenye mchoro. Nachora muda wa saa tatu. Kisha nazikata zile saa tatu ziwe sekunde 25, natafuta wimbo unaovuma, naandika maneno juu ya video, nasubiri saa mbili usiku ndipo niposti. Halafu naanza kujibu maoni, na nikishajibu nabaki nikipitia kazi za wengine hadi macho yanauma. Kwa wiki, mitandao yote pamoja, ni saa 17. Mara nyingi mchoro wenyewe si wa mteja wala si wangu, nimeuchora tu ili niwe na kitu cha kuposti.

Mwezi wa Juni akaunti ilifungwa siku tisa kwa sababu mtu alilalamika kuwa nimeiba picha, na picha ni yangu mwenyewe. Ilirudi bila maelezo. Tangu hapo wanaoona kazi zangu wamepungua kabisa. Mwezi wa Agosti rafiki akanitumia picha ya fulana inayouzwa na duka fulani, mbele ina jahazi langu, sahihi yangu imefutwa. Na kila siku nasikia kwamba michoro yetu inatumika kuifunza akili unde.

Mchoraji mwenzangu anasema nifute kila kitu nihamie Cara, huko ndiko wasanii walikokimbilia. Binamu yangu, ambaye ni mtu wa masoko, anasema tatizo langu ni uvivu, niposti mara tatu kwa siku. Mama anasema naongea na simu kuliko ninavyoongea naye. Na mimi, kila nikitaka kuuacha ule mtandao mkubwa, nakumbuka wachoraji walionishika mkono huko nilipokuwa sijui hata kutumia tabaka kwenye programu ya kuchorea. Naona kama nitakuwa nimewasaliti. Naona pia kwamba nikiondoka nitakuwa nimekubali kushindwa.

Mtandao gani unastahili nguvu zangu? Nisaidie kufikiri.

Mchoraji, Mombasa


MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama kwenye hesabu. Wachoraji wengi huniandikia wakisema wamechoka. Wewe umekuja na daftari, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tuanze na daftari lako.

Saa 17 kwa wiki, kwa wiki 39 za Januari hadi Septemba, ni saa 663. Saa ulizochora kwa malipo ni hizi: sura 84, kadi 48, vitabu 160, Muscat 20. Jumla 312, ukiziweka kando printi. Yaani saa za kuchora kwa pesa hazifiki nusu ya saa ulizokaa mitandaoni. Sisemi saa 663 zimepotea. Nasema sasa tunajua ukubwa wa kitu tunachokizungumzia, na kwamba uchovu wako una sababu. Binamu yako anauita uvivu. Hesabu haikubaliani naye.

Naona kuna mambo matatu yaliyofungwa pamoja kwenye barua yako. Kuna biashara: mteja anatoka wapi. Kuna ulinzi: kazi yako inaibwa na kunyonywa. Na kuna watu: wale waliokushika mkono. Ukiyachanganya matatu haya, kila jibu litauma mahali. Mtandao unaweza kukufaa kwa moja na kukudhuru kwa lingine.

Kwanza niruhusu nikuulize kuhusu zile kazi 16 za WhatsApp. Unaziandika kama zimetoka WhatsApp, lakini WhatsApp ni mlango wa kuingilia tu. Mtu hafungui WhatsApp akakukuta humo. Ama amepewa nambari na shangazi yake, ama ameona kadi ya harusi mezani na nambari yako nyuma, ama amekuona kwenye ule mtandao mkubwa miezi mitatu iliyopita, akanyamaza, kisha siku ya haja ilipofika akakutumia ujumbe. Yumkini mtandao unaoushutumu kwa kazi tatu umekuletea nane. Yumkini pia haukuleta hata moja zaidi ya hizo tatu. Hatujui, na kuamua bila kujua ni kukata kitambaa kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. WhatsApp ina kiungo kifupi kinachoanza na wa.me/ kikifuatiwa na nambari yako kwa mfumo wa kimataifa, yaani 254 halafu nambari bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 07, au ukiweka alama ya kujumlisha au nafasi katikati, kinaweza kisifunguke, na hapo ndipo wengi wanapokosea kisha wakasema hakifanyi kazi. Mwishoni unaongeza ?text= na maneno yatakayotokea tayari kwenye ujumbe wa mteja, na kila nafasi kati ya maneno unaiandika %20. Tengeneza kiungo tofauti kwa kila mtandao. Cha Pinterest kianze na “Habari%20nimekuona%20Pinterest”, cha TikTok hivyo hivyo, na kile cha nyuma ya kadi za harusi kiwe msimbo wa QR wenye maneno yake. Vijaribu vyote kwa simu ya mtu mwingine kabla ya kuviweka. Baadhi ya wateja watayafuta maneno yale wakaandika yao, kwa hiyo usitegemee kiungo peke yake. Kila anayeagiza muulize kwa heshima, “Ni nani alikuelekeza kwangu?” Swali hilo hupata jibu zuri kuliko “Uliniona wapi?”, kwa sababu watu huwakumbuka watu kuliko wanavyokumbuka programu. Fanya hivyo wiki sita, ukiandika tarehe, kazi, kiasi na chanzo. Ukiona wiki sita ni chache kwa kazi mbili na nusu kwa mwezi, nenda hadi kumi na mbili.

Wakati huo huo, wapime hao wafuasi 11,400. Kama akaunti yako ni ya kibiashara, fungua takwimu zake utazame miji wanakotoka. Mchoraji anayeposti video za namna ya kuchora hukusanya wachoraji wenzake, na mchoraji mwenzako hakuagizi picha ya mumewe. Kama Mombasa na Nairobi ziko chini kabisa kwenye orodha, umejifunza jambo. Halafu chukua posti zako 12 za mwisho, ziache alama za kupenda, angalia mambo mawili: ni wangapi waliituma posti kwa mtu mwingine, na ni wangapi waliingia kwenye ukurasa wako baada ya kuiona. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza Januari 2025 kwamba kutumiana ni kati ya mambo makubwa yanayoifikisha posti kwa watu wasiokufuata. Bibi harusi humtumia dadake kadi ya mwaliko. Video ya mkono unaochora husifiwa ikaachwa hapo hapo. Huenda hulazimiki kuongeza posti hata moja, bali kubadilisha unachoposti: kadi iliyochapwa ikiwa mkononi, picha ya sura ikiwa imetundikwa ukutani kwa mwenyewe kwa ruhusa yake, bei, na siku ngapi kazi itachukua. Hizo hazihitaji vibanio vya nguo wala muda wa saa tatu.

Kisha nenda kwa vitabu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipodunda. Shilingi 110,000 kati ya 252,600 ni karibu asilimia 44 ya pesa zako, na zimekuja kwa barua pepe, mahali ambapo hukuandika hata saa moja ya wiki. Usikimbilie kusema basi vitabu ndivyo vinavyolipa. Gawa: vitabu vilikupa kama 690 kwa saa, picha za sura kama 580. Tofauti ipo, si kubwa, na kitabu kina marekebisho na malipo yanayochelewa. Tofauti kubwa iko kwenye jasho la kumtafuta mteja. Mhariri mmoja hukupa kazi ya saa 80. Ili zijae saa 80 kwa picha za sura unahitaji wateja 13, na kila mmoja ana maongezi yake, bei yake na haraka yake.

Wahariri hao walikupata wapi? Kama ni Behance, basi mtandao unaoutazama mara moja kwa mwezi umeushinda ule wa kila usiku. Waandikie uwaulize, hawatakasirika. Na mhariri wa vitabu vya watoto hatafuti mchoro mmoja mzuri. Anataka kujua kama mtoto uliyemchora ukurasa wa tatu atakuwa mtoto yule yule ukurasa wa ishirini. Kwa hiyo faili ya PDF ya kurasa nane hadi kumi humsemesha kuliko video mia: mhusika mmoja katika mikao mitano, akicheka, akilia, akionekana kwa nyuma; kurasa mbili zinazotazamana zilizoachiwa nafasi ya maandishi; umati; wanyama; na mchoro mmoja wa rangi nyeusi na nyeupe. Punguza faili isizidi megabaiti tano hivi ili ifunguke kwenye simu. Saa kumi kati ya zile 17, kwa wiki mbili tu, zinatosha kuitengeneza.

Nirudi kwa WhatsApp, uliyosema ni simu tu. Ni mtandao kama mingine, mali ya Meta, wale wale wenye Instagram na Facebook, na sasa hivi umebeba sehemu kubwa ya riziki yako. Ukipoteza laini, au nambari ikifungiwa kama ulivyofungiwa kule Juni, utawapataje wateja wako? Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo. Tumia WhatsApp Business, ina katalogi ya kuweka kazi na bei, na lebo za kutenga aliyelipa nusu na anayengoja mchoro wa kwanza. Orodha ya matangazo inaingiza watu 256, lakini ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi nambari yako, kwa hiyo unapomkabidhi mteja kazi mwambie akuhifadhi. Na nje ya simu kabisa, uwe na daftari au jedwali: jina, simu, barua pepe, alichonunua, lini. Waombe ruhusa kabla ya kuwatumia matangazo. Ni adabu, na pia ndivyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inavyotaka. Watu 60 kwenye jedwali hilo ni wako. Wale 11,400 umeazimwa.

Tovuti yako mwenyewe nayo ifikirie, hata iwe ya ukurasa mmoja: kazi 12, bei, namna ya kulipa, kiungo cha WhatsApp. Gharama ya kusajili anwani ya .co.ke kwa mwaka mara nyingi haifiki bei ya picha yako moja ya sura. Linaloharibika hapo ni kwamba fundi husajili anwani kwa jina lake, mkigombana anabaki nayo. Isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, na tarehe ya kulipia tena uiandike ukutani. Tovuti haileti mtu yenyewe, lakini kila picha unayoiweka Pinterest inaweza kuelekea huko. Pinterest hutafutwa kama kamusi: picha ya leo inaweza kuletewa mtu mwaka ujao. Ina hasara ya ukimya, miezi miwili mitatu unaweza usione kitu. Ila maharusi hupenda kutafuta kadi huko, nawe ukiandika kwenye kichwa cha picha “Kadi ya harusi ya Kiswahili, mtindo wa kanga, Mombasa” badala ya “Kazi mpya”, unapatikana. Ukubwa unaokaa vizuri ni pikseli 1000 kwa 1500.

Kuhusu akili unde sitakufariji kwa uongo. Meta wamesema wazi kwamba picha na maandishi ya watu wazima yaliyo hadharani kwenye Instagram na Facebook hutumika kuifunza. Watumiaji wa Ulaya wamewekewa fomu ya kukataa kwa sababu ya sheria za huko. Masharti ya X yaliyoanza 15 Novemba 2024 nayo yanaruhusu jambo hilo. Kufuta leo hakurudishi kilichokwisha kuchukuliwa. Cara ilianzishwa na mpigapicha Jingna Zhang, haipokei michoro ya akili unde, na Juni 2024 ilipanda kutoka watumiaji kama 40,000 hadi zaidi ya 650,000 kwa wiki moja. Kazi zinazowekwa huko hupewa alama ya kukataza kufunzia, lakini alama hiyo ni ombi, si ukuta. Na waliohamia huko ni wasanii. Mwenzako anasema kweli kwamba ni nyumba nzuri ya kukutana na wenzako. Soko la kadi za harusi za Mombasa sidhani utalikuta huko.

Kuna Glaze, programu ya bure ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago iliyotoka 2023. Huongeza mabadiliko madogo kwenye picha ili mtindo wako uwe mgumu kuigwa na mashine. Ijaribu kwa uangalifu, kwa sababu mikwaruzo yake huonekana zaidi kwenye rangi tupu na mandhari laini, na hiyo ndiyo sura yote ya kazi yako. Uwanja mwekundu wa kanga unaweza kutoka na madoa kama kitambaa kilichoingia maji. Anza na kiwango cha chini kabisa, utazame kwenye simu na si tabuleti. Ujue pia kwamba mwaka 2025 watafiti wengine walionyesha njia ya kuuondoa ulinzi wa aina hiyo, basi ichukue kama komeo moja kati ya kadhaa.

Wezi wa fulana wana dawa nyepesi zaidi, nayo ni udogo. Printi nzuri ya A4 inataka pikseli 2480 kwa 3508. Ukiposti picha ambayo upande mrefu ni pikseli 1200, akiichapa kwa ubora ule ule atapata kitu cha sentimita kumi hivi. Kwenye fulana itatoka na meno meno. Kubadilisha tu namba ya dpi, yaani nukta kwa kila inchi, kuwa 72 hakulindi chochote, hesabu ni ya pikseli. Sahihi nayo usiiweke pembeni inakokatwa kwa mkasi mmoja, ifume ndani: kwenye tanga la jahazi, au pale ambapo kanga huandikwa jina lake.

Jahazi lako lililoibwa, kusanya faili yenye matabaka na tarehe zake, picha za fulana, na anwani ya duka. Hakimiliki ni yako tangu ulipochora, lakini cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, hukupa cha kushika mkononi unapoandika barua ya madai, na usajili hufanyika mtandaoni. Cheti hicho kingekusaidia pia kule Juni. Na jambo moja ambalo wachoraji wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kabla hujaweka michoro ya vile vitabu viwili kwenye mtandao wowote, soma mkataba. Wa kitabu kijacho uombe iandikwe kwamba unaweza kuionyesha kama mfano wa kazi.

Sasa njia zilizo mbele yako, nazo naziona tatu.

Unaweza kubaki kote ukajiwekea mpaka, tuseme saa sita kwa wiki, unaposti Jumanne na Ijumaa kazi ambazo tayari zimelipiwa, na hakuna mchoro unaozaliwa kwa ajili ya posti. Hatari yake ni kwamba mpaka wa namna hiyo huliwa taratibu, hasa usiku.

Unaweza kubakisha michache. Kwa daftari lako la sasa ingekuwa WhatsApp, barua pepe na Behance kwa wahariri, Pinterest kwa maharusi, na mingine ikanyamaza. Hatari ni kwamba umeamua kabla ya zile wiki kumi na mbili kwisha, ukafunga bomba lililokuwa likikulisha chini kwa chini.

Unaweza pia kuondoka kabisa kwenye ule mkubwa. Ukifika hapo usianze kwa kufuta. Pakua kwanza nakala ya data yako yote. Bandika juu ya ukurasa posti moja inayosema unapatikana wapi, yenye bei na kiungo, kisha uache akaunti imesimama. Akaunti iliyofutwa huacha jina wazi, na mtu aliyekwisha kuiba jahazi lako hashindwi kujiita wewe akachukua malipo ya nusu kutoka kwa wateja wako. Kwenye Instagram na Facebook unapoomba kufuta unapewa siku 30 za kubadili nia, baada ya hapo hairudi. Hatari kubwa ya njia hii siioni kwenye pesa, naiona kwenye upweke. Mchoraji wa kujitegemea hana ofisi, hana mwenzake wa meza ya pili.

Na hapo ndipo linapoingia lile neno zito, kuwasaliti. Wale wachoraji walikushika mkono wakiwa watu, wana majina. Wangapi hasa? Watano? Tisa? Waandikie mmoja mmoja, waombe nambari, fungueni kundi dogo la kuonyeshana kazi ambazo hazijakamilika. Kama ni Cara mnayoitaka kwa hilo, vizuri. Watakaokujibu ndio hasa uliokuwa ukiwaogopea kuwapoteza, na hutakuwa umewapoteza. Kuhusu kushindwa, sijui ni mashindano gani ulikuwa umeingia. Barua yako haisemi popote kwamba ulitaka kuwa na wafuasi wengi. Inasema unapenda rangi za kanga na milango ya Lamu.

Kuna kitu kimoja ambacho hukuniuliza, nami nakiuliza kwa sababu ya neno la mama. Ule mchoro usio wa mteja wala usio wako, lini mara ya mwisho ulichora mmoja uliokuwa wako, ambao hukuupiga picha? Usiniandikie jibu. Ila kama saa zitabaki baada ya hesabu zote hizi, na nadhani zitabaki, amua mapema zitakwenda wapi. Ukiziacha bila mwenyewe zitarudi kwenye simu.

Anza na yule bwana wa Muscat. Kazi moja, 28,000, na shemeji aliyebeba pesa mkononi hadi mlangoni kwako. Shemeji huyo ni mtu wa Mombasa, nyumba yake pengine ina kadi ya harusi uliyoichora wewe. Mpigie simu umuulize jinsi nambari yako ilivyofika Omani.